Nusu Iliyopakwa Mawese

Jiwe likipasuka sawasawa, jani lililolala ndani yake hubaki pande zote mbili. Upande mmoja mishipa yake imeinuka, upande wa pili imezama, na kila upande unajiona ndio wenye jani. Fundi alikuwa na sheria moja ambayo sikumwona akiivunja hata mara moja: nusu moja ni yake, nusu ya pili ni ya yule aliyekuwa karibu jiwe lilipopasuka. Awe mkewe, awe mteja aliyekuja kudai suruali, awe mpita njia aliyesimama kuomba moto wa sigara. Uliona, umepata. Ukikataa, alikasirika kwelikweli, na suruali yako ingesubiri zaidi.

Ndiyo maana katika Rumonge ya utoto wangu majani ya mawe yalikuwa kila nyumba. Kwa shangazi yangu lilizuia mlango usijigonge. Mama yangu, aliyeuza ndagala, aliliweka la kwake juu ya gunia ili upepo wa ziwa usimwage samaki. Wanawake walipogombana kisimani, mmoja alimtisha mwenzake kwamba atamtupia jani la Fundi, na wote wakacheka, ugomvi ukaishia hapo.

Alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya duka lililotazama barabara ya kwenda Nyanza-Lac, na nyumba yake ilipakana na yetu, kwa hiyo nilikua nikisikia cherehani yake kama wengine wanavyokua wakisikia mto. Sijui alizaliwa wapi. Sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza ukoo wake. Ukimuuliza wewe ni wa wapi, alikuambia, "Mie ni wa hapa penye nimekaa," halafu akakupima mabega kwa macho.

Nyuma ya mji, pale vilima vinapoanza kupanda, mvua ilikuwa imechimba korongo, na kuta za korongo hilo zilikuwa za udongo mgumu wa kijivu, tabaka juu ya tabaka, kama vitenge vilivyokunjwa kwenye rafu ya duka. Fundi alisema ziwa lilikuwa likifika huko juu zamani, kabla hakujawa na mtu wa kuliita ziwa. Majani yalianguka majini, yakazama, matope yakayafunika taratibu, na ziwa liliposhuka yakabaki yamelala. Jambo hilo aliwaeleza wateja akiwa na pini mdomoni.

"Hapa penye unasimama, samaki walikuwa wanapita," alimwambia mzee mmoja muuza mawese. "Hapa juu ya kichwa chako. Mukeke anapita, anakuangalia, anaona suruali imepasuka nyuma."

"Na huyo mukeke amekuambia nguo yangu itaisha lini?"

"Amesema juma."

"Juma gani, Fundi?"

"Hilo hakusema."

Kazi yake kule korongoni aliifanya kwa vifaa vya ushonaji. Alitafuta mstari mwembamba ubavuni mwa jiwe, akaingiza ncha ya kisu, akasubiri. Hakupiga nyundo. Alisema udongo ule una mshono wake, na mshono haupigwi, unafumuliwa. Jiwe likishafunguka alitoa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akaondoa tope chembe kwa chembe, akipuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kisha alifunga kila nusu kwa kitambaa chenye unyevu na kuiweka chini ya meza ya cherehani ikauke polepole, kwa sababu jani la namna hiyo likikutana na jua ghafla hukunjamana na kuporomoka. Aliwahi kujaribu kulikausha moja kwa pasi ya mkaa. Tulisikia mlio kama wa sahani inayovunjika, kisha tukamsikia yeye mwenyewe akijitukana kwa Kirundi, na jioni ile hakula.

Jiwe likishakauka, alilivika. Hili ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko yote. Kila nusu aliyobaki nayo aliifunga kwa kipande cha nguo aliyomshonea yule mwenye nusu nyingine. Hakuandika kitu. Rafu yake ilijaa vifurushi vidogo vya rangi zote: khaki ya polisi, waridi ya blauzi za kwaya, kijivu ya suruali ya karani, kitambaa cheupe cha kanzu ya mzee wa msikitini. Ukimgusia kifurushi chochote, alikuambia ni cha nani bila kutaja jina. Alisema, "Huyu bega la kushoto liko chini." Au, "Huyu kiuno kinaongezeka kila Krismasi." Watu wote wa mji alikuwa amewahifadhi hivyo, kwa mabega na viuno vyao.

Asidhani mtu kwamba alikuwa na elimu ya mawe. Alikosea mara nyingi, na alikosea kwa furaha. Siku moja mgeni mmoja wa misheni alikuja kuyatazama yale majani, akasema kwa upole kwamba miti ile haipo tena, imekwisha duniani. Fundi alikataa katakata. Juma zima alibeba mawe yake mfukoni hadi msitu wa Kigwena, akawa anayalinganisha na majani mabichi, mti kwa mti, akibishana na matawi. Alirudi na miiba kwenye shati na jibu lake tayari: "Sijamuona mwenyewe. Lakini nimemuona mujomba wake." Baada ya hapo kila jani alilipa mjomba kule Kigwena, na sidhani kama alipatia hata mara moja.

Alikuwa na ukinzani mmoja mkubwa, nao ulikuja kumgharimu. Mtu huyu aliyetumia nusu ya maisha yake akipekua tope la ziwa aliliogopa ziwa lenyewe. Hakujua kuogelea. Hakuwahi kutia mguu ndani ya mtumbwi. Samaki alinunua sokoni, si ufukweni, na kama mteja alikaa Kabonga alimtumia nguo kwa barabara hata kama mtumbwi ulikuwa unakwenda hukohuko bure. Wavuvi walimtania.

"Fundi, utapanda mtumbwi lini uone Kigoma?"

"Siku maji yatakauka, nitavuka kwa miguu."

"Yatakauka lini?"

"Yalishawahi kushuka. Ninasubiri."

Mkewe ndiye aliyejibu utani huo kwa niaba ya mji. Alikuwa mwanamke wa sauti, muuza mawese, mikono yake daima na wekundu wa mafuta kwenye kucha. Tulimwita Mama Fundi. Alimpenda mumewe kwa kumkemea. Siku za karibu na Uhuru, wakati kila mtu Rumonge alitaka nguo mpya na vitambaa vyekundu na vya kijani vilikuwa vimeanza kuadimika sokoni, Fundi alitoweka. Wateja walikaa barazani wakiwa wamekunja mikono. Mama Fundi alijua alipo. Alifunga kitenge vizuri, akapanda hadi korongoni, na sisi watoto wa jirani tukamfuata ili tusikose ugomvi.

"Watu wanataka Uhuru, weye uko unachimba matope!" alianza kutoka mbali. "Wataenda kwenye ngoma uchi? Nikuulize, wataenda uchi?"

Fundi alikuwa amepiga magoti, ncha ya kisu imeingia kwenye jiwe. Hakugeuka. Mama Fundi akafika, akainama kumshika sikio, na hapohapo jiwe likafunguka.

Lilikuwa jani pana kama kiganja cha mtu mzima, zima kutoka kikonyo hadi ncha, na pembeni lilikuwa na tundu dogo la mviringo. Mdudu alikuwa amelila. Miaka isiyohesabika iliyopita mdudu alikula kifungua kinywa chake, akaondoka, na alama ya meno yake ilikuwa bado pale. Mama Fundi alinyamaza. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akinyamaza. Kisha Fundi akamnyooshea nusu moja, akasema tu, "Uliona."

Nguo za Uhuru ziliisha asubuhi ya Uhuru yenyewe. Fundi alipita mitaani na furushi la nguo kichwani, ngoma zikiwa zimeshaanza kulia, watu wakivaa barabarani, wakifunga vifungo huku wanakimbia. Mama Fundi naye alivaa kitenge cha kijani alichoshonewa usiku uliotangulia, na kwa kuwa wageni wangepita nyumbani kula, aliweka nusu yake mezani. Aliona imefifia. Akaifanyia kile ambacho kila mwanamke wa Rumonge hufanya kwa kitu anachokipenda kikififia, iwe ngozi ya mtoto mchanga au mguu wa kiti: aliipaka mawese.

Jani lilitoka. Nakumbuka watu walivyosukumana kuliona. Mishipa yake yote iliwaka, wekundu wa dhahabu, kila kijimshipa, na tundu la mdudu likawa kama jicho. Wageni walisema Mama Fundi ana mkono. Kesho yake asubuhi udongo ulikuwa umekunywa mafuta yote, na jiwe lilikuwa jeusi tii. Hapakuwa na jani tena, ila ukipitisha kidole.

"Umeliua!" Fundi alilia, na sauti yake ilifika kwetu. "Limekaa tangu dunia inaanza, weye umeliua na mawese!"

"Ni nusu yangu! Sheria iko yako mwenyewe. Ni yangu, nitapaka chenye nataka!"

"Mama Fundi..."

"Weye kaa na yako kavu!"

Maneno hayo yalikaa katika nyumba ile kama kiti. Kila walipokorofishana, iwe juu ya chumvi au juu ya wageni, mwisho wake ulikuwa huo: kaa na yako kavu. Na mara kwa mara, kwa ukaidi mtupu, Mama Fundi alitia kidole kwenye debe na kuipaka tena ile nusu iliyokwisha kuwa nyeusi, akimtazama mumewe. Yeye aliifunga ya kwake kwa kipande cha kitenge cha kijani na kuiweka rafu ya juu kabisa.

Mwaka wa sabini na mbili sitauandika wote. Siuwezi. Ilikuwa mwisho wa Aprili, msimu wa mvua, na mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Fundi alikuwa korongoni, kwa sababu maji yakishapita hufungua tabaka mpya. Mauaji yalipofika mjini, kila mtu alikimbilia upande alioweza. Sisi tulikimbilia ufukweni upande wa Kigwena, tukapata mtumbwi. Ulikuwa umejaa kupita kiasi, na mwenye mtumbwi akapiga kelele kwamba vitu vyote vizito vitupwe. Mama alitupa chungu, akatupa kinu kidogo, akatupa jani letu. Sikusikia hata lilipogusa maji.

Mama Fundi alivuka kwa mtumbwi mwingine, akiwa na binti yao mgongoni. Alimsubiri mumewe hadi alipoambiwa kwamba watu wote waliokuwa korongoni wamekwisha. Aliyemwambia hakudanganya, aliamini hivyo. Lakini Fundi alikuwa amejibana kwenye ufa wa ukuta, kati ya tabaka na tabaka, na aliposhuka alikuta nyumba yake wazi, debe la mawese limepinduka, na nusu nyeusi haipo. Hapo akajua mkewe ameondoka kwa miguu yake mwenyewe. Mtu aliyebebwa hachukui jiwe.

Hayo niliyajua baadaye, na mengine sikuyajua kabisa. Alipona vipi miezi iliyofuata, wakati wenye suruali za kijivu na kanzu na kalamu mfukoni waliitwa na askari, wakapanda magari, wasirudi? Nilipomuuliza, alitazama mikono yake. "Nilishona vifungo," alisema. "Vya wale waliokuwa wanakuja kuchukua watu. Vilikuwa vinakatika sana."  Najua kwamba tangu hapo hakushona kifungo mbele ya mtu. Nguo zake zote alizifunga kwa kamba.

Miaka ilipita tukiwa ng'ambo ya mpaka. Nilijifunza kusema Kiswahili cha huko bila kuchekwa, nikasoma, nikaanza kuandika. Ziwa ni lile lile, na jua linalala upande uleule wa utotoni, lakini kutoka Kigoma milima ya kwetu haionekani. Nililitazama jioni nyingi kwa kiu ambayo maji yake hayangeweza kuikata.

Kisha siku moja, katika soko la Ujiji, nilinunua mawese kwa mwanamke aliyekaa nyuma ya madebe. Kifuniko cha debe kilikuwa kimekandamizwa na jiwe jeusi linalong'aa kwa mafuta. Nililiinua ili afungue, na kidole changu kikapita ukingoni, kikakuta kijitundu cha mviringo.

"Mama Fundi," nilisema.

Alinitazama muda mrefu. "Weye ni wa ndagala," akasema. "Wa jirani." Tulilia palepale, wateja wakasubiri. Alinieleza kwamba mwenye mtumbwi alimwamuru atupe jiwe, akalificha kwenye mbeleko pamoja na mtoto. Alinieleza pia, bila kuinamisha macho, kwamba aliomboleza, akakaa, akaolewa tena, na kwamba ana watoto wengine. Nami nilikuwa na habari ambayo haikunipa usingizi tangu niliposikia kutoka kwa shangazi aliyebaki Rumonge: Fundi alikuwa hai, bado barazani.

Nilimwambia. Aliweka mikono yote miwili juu ya lile jiwe kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

"Yuko na nani?"

"Peke yake."

"Hawezi kuvuka, yule. Anaogopa maji." Akacheka, na machozi yakamshuka. Nilimwambia nitakwenda Rumonge kumwona shangazi, kwa hiyo kama ana neno, alitume.  Alitia kidole kwenye debe, akalipaka jiwe lake polepole, kama zamani.

"Muulize yake kama bado iko kavu."

Nilipofika Rumonge, barabara ilikuwa na mabasi madogo mengi kuliko nilivyoyaacha. Baraza ilikuwa ileile. Fundi alikuwa amepungua mwilini. Mwenyewe angesema ana kiuno cha mtoto. Aliinua macho kutoka kwenye sindano, akanipima mabega, akajua.

"Amahoro, mutoto wangu. Umekuja na la kwenu?"

"Lilitupwa ziwani, Fundi."

"Basi limerudi kwao," akasema, na akanivutia kigoda.

Ndani, rafu ilikuwa imejaa vilevile, rangi zimefifia. Alinionyesha vifurushi kimoja kimoja. Suruali ya kijivu, kiuno kinaongezeka: hakurudi. Waridi ya kwaya, mkono mmoja mrefu: hakurudi. Khaki: hakurudi. Tangu mwaka ule alimwuliza kila aliyetoka ng'ambo kama amekuja na nusu, kwa sababu nusu ikija ni mtu amepona. Hakuna iliyokuja. Alifika kwenye kile cha kijani, juu kabisa, mkono wake ukasimama, na akakipita.

"Hicho nimekutana na mwenzake," nilisema.

Hakugeuka. Mgongo wake tu ndio ulionisikiliza.

"Yuko hai?"

"Yuko. Anauza mawese Ujiji."

"Na mutoto?"

"Mzima. Ni msichana mkubwa."

Alishika rafu kwa mikono miwili. Nje mtu alimwita, akataka suruali yake, hakujibiwa.

"Iko bwana pale kwake?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hili njia nzima. "Yuko."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekubali vipimo. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Nguo alivaa, nani alishona?"

"Binti yenu. Amejifunza."

"Mshono uko namna gani?"

"Umepinda kidogo. Begani."

"La kushoto," alisema. "Mama yake bega la kushoto liko juu. Lazima upinde. Kama haupindi, nguo inavuta." Akageuka, na uso wake ulikuwa umelowa lakini una kiburi cha fundi. "Hakuna mutu alimufundisha hiyo. Ameona mwenyewe."

Ndipo nikampa neno nililotumwa. "Amesema nikuulize, yako bado iko kavu?"

Alicheka. Ilikuwa sauti ya yule mtu wa zamani, mwenye pini mdomoni, na iliishia kwenye kukohoa. Akakishusha kile kifurushi cha kijani, akafumua kitambaa, akaweka nusu yake juu ya meza ya cherehani. Jani lilikuwa kama tulivyoliona siku ile korongoni: kijivu juu ya kijivu, zima, na tundu la mdudu pembeni. Ndilo zuri kuliko yote aliyowahi kupata. Alilitunza lisishikwe na mtu, lisipate jua.

Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha mawese.

"Fundi," nilisema. "Litapotea."

 Alitia kidole kwenye mafuta, akaanzia kwenye kikonyo, akafuata mshipa wa katikati hadi ncha, kisha mishipa ya pembeni, mmoja mmoja, bila haraka, kama alivyofanya kila kitu. Alipofika kwenye tundu alilizunguka. Jani likawaka lote, jekundu na dhahabu, mishipa mpaka ile ambayo sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kuiona, na kwa kitambo hicho ilikuwa Uhuru, ngoma zinalia, watu wanafunga vifungo wakikimbia, na mwanamke wa kitenge cha kijani amesimama mezani akisifiwa kwamba ana mkono.

"Kesho halitaonekana," nilisema.

"Najua, mutoto wangu. Ndiyo maana uangalie leo." Alisogeza jiwe karibu nami, kwenye mwanga wa mlango. "Ukivuka, umwambie uliona."

Tulikaa tukilitazama hadi mafuta yalipoanza kuzama.